Siku Mawe ya Bibi Nyamizi Yalipotoka Yenyewe

Wanangu mnaovaa sare mpya, zile nyeupe ambazo hata mkikaa hazikunjamani, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Nafanya hivyo kwa sababu wengi wenu hamtazitoa. Mtapita na simu usoni mniambie "mambo vipi, Bi Mkubwa", kama vile tulicheza kombolela pamoja. Haya, marahaba.

Mimi ndiye Sista Mwamvua, Mzaramo wa Kisarawe. Nililetwa Tabora na garimoshi nikiwa muuguzi mchanga, nikaambiwa nitakaa kidogo tu kisha nihamishwe. Nimeolewa hapahapa, nimezaa hapahapa, nimestaafu, uhamisho wenyewe sijauona. Kazi yangu ilikuwa chumba cha upasuaji, thieta kama tunavyokiita wenyewe: kumkabidhi daktari mkasi kabla hajamaliza kunyoosha mkono, na kuhesabu vitambaa visije vikashonewa ndani ya tumbo la mtu.

Nimeombwa niwaandikie jambo la kuwafaa kazini. Wenzangu wastaafu wamewaandikia kuhusu maadili na moyo wa kujitolea, na najua mmelala mkisoma. Mimi nimechagua nyongo.

Msicheke. Nyongo imedhulumiwa sana. Moyo umeimbiwa taarabu mpaka umechoka, ini linapewa mahaba yote, nyongo yenyewe inakumbukwa pale tu watu wa pwani wanapoitana "nyongo mkalia ini", na hapo sifa ni ya kule kukaa, si ya nyongo. Mwanamke yeyote wa Tabora anayejua kuchinja kuku anajua kwamba kile kifuko cha kijani kikipasuka mchuzi umekwisha kazi. Anakitoa kwa ncha ya kisu, pumzi ameibana. Sasa mwambie mwanamke huyohuyo kwamba na yeye anacho kifuko kama kile, kimejibanza chini ya ini upande wa kulia, na kwamba nacho huweza kuoza na kupasuka. Atakutazama kana kwamba umemwita kuku.

Basi anacho. Kazi yake ni kutunza nyongo ya kusagia mafuta tunayokula. Mara nyingine nyongo hiyo hugandamana ikawa vijiwe, na kijiwe kikiziba mdomo wa kifuko, kilichomo ndani huchacha, kinageuka usaha. Wengi huwahiwa kwa dawa au kwa kisu. Wachache ambao hawakuwahiwa ndio wanaotuonyesha maajabu. Kuna ambaye ukuta wa kifuko unaoza kabisa usaha ukamwagikia tumboni. Kuna ambaye jiwe linatoboa njia mpaka kwenye utumbo, likaenda kuuziba huko mbele, mtu akatapika kila anachomeza. Na kuna mmoja katika wengi sana ambaye usaha unachimba njia kupitia nyama ya tumbo, unatokeza juu ya ngozi mfano wa jipu, jipu likapasuka, mawe yakatoka nje yanaonekana kwa macho. Wapo madaktari wanaostaafu hawajaliona hilo la mwisho. Mimi nimeliona, na aliyelileta hospitali alikuwa mganga wa kienyeji, mbio, kofia imeanguka njiani.

Mganga mwenyewe aliitwa Mzee Lubasha. Alikuwa na kilinge chake njia ya kwenda Kigwa, na sifa zake zilifika mbali kuliko za hospitali yetu, maana kwake hakukuwa na foleni ya kadi. Ubingwa wake ulikuwa kuumika. Unamwendea na maumivu, anakuchanja chale kwa wembe, anaweka pembe ya ng'ombe juu ya chale, anavuta kwa mdomo, anatetemeka, halafu anatema mkononi jiwe, au mfupa, au nywele zilizofungwa fundo. "Huu hapa uchawi wako." Unaondoka umepona, angalau mpaka ufike barabarani. Jiwe lilikuwa limekaa chini ya ulimi wake tangu asubuhi. Kila mtu mwenye akili Tabora alilijua hilo, na kila mtu mwenye akili Tabora alikwenda.

Asubuhi hiyo nilikuwa natoka thieta kutafuta chai. Bajaji ikaingia getini kwa fujo, Mzee Lubasha akashuka kabla haijasimama. Ndani yake alikuwamo mama mtu mzima, amejikunja, kanga imelowa ubavuni, na mwanawe wa kiume anamshikilia. Mama huyo nilimjua. Ni Bibi Nyamizi, muuza asali wa Kigwa, mjane mwenye mizinga yake porini na ulimi mkali kuliko nyuki wake. Mwanawe anaitwa Kashindye.

"Sista, njoo huku pembeni," Mzee Lubasha akanivuta.

"Mgonjwa kwanza, mzee."

"Ndiyo habari yake. Sista, mimi na wewe ni watu wa kazi moja, kwa hiyo nitakwambia ukweli." Akafungua leso. Ndani mlikuwa na vijiwe vya rangi ya kahawia iliyoingia ukijani, vina pembepembe, vinang'aa usaha. "Haya sikuyatia mimi."

"Unasema?"

"Wallahi sikuyatia mimi! Pembe nilikuwa bado sijaishika. Alikuja na uvimbe ubavuni, nikachanja tu, usaha ukaruka, nikaona jiwe linatoka. Nikasema labda langu limedondoka. Nikagusa mdomoni, langu lipo! Likatoka jingine. Sista, nimefanya kazi hii tangu ujana, sijawahi kukutana na uchawi wa kweli."

"Kwani ule mwingine wote ulikuwa wa nini?"

"Mambo ya ofisini hayo, usiniulize," akasema, akajifuta jasho.

Hapo ndipo nilipompendea Mzee Lubasha, na nampenda mpaka leo. Alikuwa mwongo kwa kazi, lakini alipouona ukweli aliukimbilia. Nawajua wenye vyeti ukutani ambao wangefunika lile tundu kwa plasta wakasema mgonjwa arudi Jumatatu.

Wenye vyeti wenyewe tayari walikuwa wamepita hapo, na sasa nisikilizeni vizuri. Bibi Nyamizi alikuwa ameumwa muda mrefu. Akila nyama ya kukaanga au wali wenye mafuta mengi, maumivu yanambana chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka kwenye bega, anatapika. Akaenda zahanati akapimwa, akaambiwa ana UTI na taifodi. Hayo ni magonjwa ya ukarimu, kila anayekanyaga mlango anagawiwa. Siku hizi ukiingia na mguu uliovunjika utatoka na mguu uliovunjika na UTI. Akaenda duka la dawa, kijana aliyevaa kofia ya mpira akamwambia vidonda vya tumbo, akampa dawa ya maji ya rangi ya pinki. Jirani akamwambia ni chango. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mama, lala kitandani nikushike tumbo."

Mimi nilifundishwa kazi na Sista Paskazia wa Usoke, mama mnene mwenye kiganja kikubwa kama sinia la pilau. Alikuwa akisema tumbo lina mlango, bisha hodi kwanza. Alitushika mikono yetu akaiweka chini ya mbavu za kulia za mgonjwa, akamwambia mgonjwa avute pumzi ndefu. Mwenye kifuko kibaya pumzi yake inakatika katikati, ghafla, uso unabadilika. "Umeona?" Sista Paskazia anauliza. Ukisema "nimeona, Sista" kabla hujaona, lile sinia linakutua mgongoni. Mikono yake ilikuwa haina betri wala haikusubiri umeme urudi, na sisemi mashine ni mbaya, nasema mashine iko chumba cha pili, na mkono unao.

Na jambo jingine alilotufundisha: maumivu makali yakinyamaza ghafla bila dawa, usishangilie. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Bibi Nyamizi naye siku moja aliamka maumivu yamekwisha. Akamshukuru Mungu, akachinja mbuzi, akala mafuta yake na majirani. Kumbe kifuko kimetoboka, na usaha umepata pa kutokea, unachimba taratibu kuelekea kwenye ngozi. Ulipovimba ubavuni wakasema karogwa na wanaomwonea wivu mizinga yake. Ndipo wakaenda kwa Lubasha.

Daktari wetu wa upasuaji wakati huo alikuwa Dokta Nassor, kijana wa mjini hapahapa, wa zile familia za Kiarabu zenye maduka ya vitambaa. Mpole, mikono mizuri, ila akifurahi na ugonjwa anasahau kwamba ugonjwa una mwenyewe. Alipompima kwa ultrasaundi akaruka.

"Sista Mwamvua, njoo uone! Hii ni adimu! Ni adimu sana!"

Kashindye akasogea, macho yametoka. "Adimu kama madini, daktari?"

Na wale vijana wa mafunzo, wenzenu, wote wakatoa simu kupiga picha. Lile tundu la Bibi Nyamizi lilipigwa picha nyingi kuliko bi harusi. Mmoja akaniomba nishike kijiwe mkononi nitabasamu. Nilimpa jibu ambalo hata leo nikikutana naye anavuka barabara.

Dokta Nassor alipotulia akaeleza kwa ufasaha. Baadhi ya mawe yametoka, mengine yamo. Ukuta wa kifuko umeoza, na chini ya ini pana bwawa la usaha. Kusafisha tundu na kumpa sindano kutamtuliza tu, hakutamponya. Asipopasuliwa mapema, sumu itaingia kwenye damu na hapo hakuna dawa.

"Yametoka, yametoka," Bibi Nyamizi akasema. Usaha ulikuwa umepungua, sindano zimeanza kufanya kazi, anajisikia nafuu. "Mimi nimeyaona kwa macho yangu. Nirudisheni Kigwa, msimu wa asali huu."

"Bibi, yamebaki mengine," daktari akasema.

Kashindye akafikiri, akaja na jawabu ambalo kwake lilikuwa na akili kabisa. "Kama yamebaki, si Mzee Lubasha yupo? Aliyatoa yale bila kupasua. Amalizie na haya."

Wodi nzima ikamgeukia Mzee Lubasha, aliyekuwa amekaa kwenye benchi mlangoni akila ndizi. Laiti mngemwona. Miaka yote alitafuta sifa, leo sifa zimemkamata shingoni. Akisema hawezi, kilinge kimekufa. Akisema anaweza, bibi amekufa. Akafumba macho, akatetemeka mabega, sauti ikabadilika ikawa ya babu yake.

"Mizimu imesema," akatangaza, "sehemu iliyobaki ni ya serikali."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Nimecheka mara nyingi kazini, lakini siku ile nilihofia mbavu zangu mwenyewe.

Kicheko hakikudumu. Siku iliyofuata Bibi Nyamizi alianza kutetemeka kwa baridi huku mwili unawaka. Macho yakaingia manjano. Presha ikaanza kuteremka, tunaongeza dripu, inapanda kidogo, inateremka tena. Dokta Nassor akamwomba tena akubali kupasuliwa, na safari hii hakuwa na furaha ya kuona kitu adimu, alikuwa na hofu.

Bibi Nyamizi akajibu kwa sauti ndogo lakini ya mtu aliyekwisha kukata shauri. "Kaka yangu ndiye mwenye mwili huu. Nikifa juu ya meza yenu, ataulizwa nani? Mngojeni kaka."

Kaka mwenyewe ni Mzee Shija, mfugaji wa Igunga. Kashindye akampigia simu mbele yetu, akaweka sauti ya juu tusikie sote. Mzee Shija akasema jambo la kumpasua mtu halisemwi kwenye simu. Lazima akae, asikilize pande zote, aulize. "Nakuja. Nipo njiani." Nyuma yake tukasikia ndama analia na mtu anamwita akashike kamba. Asubuhi yake akapigiwa tena. Yupo njiani. Jioni, yupo njiani, na ndama bado analia. Ama ile njia ya Igunga ilikuwa imejaa ndama, ama mzee hakuwa amevaa hata viatu.

Ndugu wengine nao wakaja, wakafanya kikao chini ya dirisha la wodi. Walikubaliana kwa kauli moja kwamba wangoje mwenye kauli.

Wakati huohuo hospitali yetu ilikuwa imetoka kwenye semina ya huduma kwa mteja. Tulifundishwa na kijana mwenye tai kwamba asiwepo tena mgonjwa, yupo mteja. Mteja hakaripiwi, hatishwi, hataniwi. Unamsemesha kwa tabasamu, unampa taarifa, unaheshimu uamuzi wake. Ni mafundisho mazuri na nawaambia myashike, maana tulikuwa na wauguzi wenye midomo michafu kweli. Lakini nilimtazama Dokta Nassor akimwambia Bibi Nyamizi kwa tabasamu, "Tunaheshimu uamuzi wako, mama," na bibi uso wake unazidi kuwa wa rangi ya majivu, nikasikia hasira inanipanda kutoka kwenye nyayo. Tulikuwa tunamsindikiza kwa heshima zote hadi kaburini.

Sasa ninyi watoto wa siku hizi utani mnaujua kwa kutumiana vikatuni, ngoja niwaeleze. Zamani misafara ilipotoka huku Unyamwezi na pembe za ndovu mpaka pwani, wapagazi walifikia kwetu Uzaramo. Wakagombana na babu zetu, wakalishana, wakauguzana, wakazikana. Mwisho wakawa watani. Mtani ana haki ambazo ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele za watu ukacheka. Kwenye msiba wako anaweza kuchukua sufuria, kulala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa, na aibu ni ya ukoo mzima.

Mimi Mzaramo. Bibi Nyamizi Mnyamwezi. Nikavua kofia ya kazi nikamkabidhi Dokta Nassor aishike. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia wodini saa ya kutazama wagonjwa, watu wamejaa, nikaangua kilio kutoka mlangoni.

"Yoooo! Mtani wangu jamani! Mnyamwezi wangu amekufa!"

Wanawake wakaruka vitandani. Mmoja akaanza kulia kabla hajajua nani kafa. Mimi moja kwa moja mpaka kitanda cha Bibi Nyamizi. "Nani atachukua mizinga? Mimi! Hii kanga mpya msimzike nayo, ni yangu. Na hizi kandambili, jamani, kuzimu hakuna matope!"

Bibi Nyamizi akafungua jicho moja. "Nani huyo?"

"Mzaramo. Nimekuja kuzika."

"Sijafa."

"Najua. Nimewahi nafasi."

Kashindye alitaka kunizuia, mama mmoja wa Urambo akamvuta shati. "Muache, mtani huyo."

Bibi akajaribu kujiinua kwa kiwiko. Ulimi ule mkali ukaamka. "Wazaramo mnajua nini ninyi zaidi ya kucheza ngoma na kuuza mnazi wa baba yenu?"

"Na ninyi mnajua nini zaidi ya kubeba mizigo? Tena afadhali babu zako! Walibeba pembe kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, na walipofika walitua, wakapumua, wakala. Wewe umebeba mawe, hujaagizwa na mtu, hupewi hata posho, na ukiambiwa tua unasema mpaka kaka aje! Mpagazi gani wewe? Unawatia aibu Wanyamwezi wote. Nenda nayo basi. Ila ukifika huko babu yako atakuuliza, mzigo huu wa nani? Utamjibu nini?"

Wodi ikalipuka. Wagonjwa wenye nyuzi mpya wanashika matumbo wanalia kwa kicheko. Bibi Nyamizi naye akacheka. Kicheko kikamfika chini ya mbavu, kikakatika. "Mayoo!" akalia, akajishika ubavu, jasho likamtoka usoni.

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kikavu. Akaniuliza taratibu, mimi peke yangu nisikie, "Mwamvua, ni kweli nakufa?"

Utani ukaishia hapo. Nilitaka kusema maneno ya semina, hayakuja. Nikamwambia, "Ukimngoja kaka yako, ndiyo. Utakufa, bibi. Na mimi sitaki."

Akauachia mkono wangu. Kisha akasema, "Leteni huo wino." Akaweka dole gumba kwenye karatasi, akamgeukia mwanawe. "Shija akifika mwambieni mimi mwenyewe nimetua." Halafu kwangu: "Na asali yangu hupati, Mzaramo."

Tukaingia thieta alasiri hiyohiyo. Dokta Nassor alisema bismillahi, akakata. Wanangu, mnaosoma kwenye vitabu vyenye picha za rangi, kifuko kilichooza hakifanani na picha. Kilikuwa cheusi, kinamomonyoka kila anapokigusa. Mtu mwenye papara angevuta. Dokta Nassor hakuvuta. Alitoa mawe yaliyobaki, akaondoa kilichokuwa kimeoza na kukubali kutoka, na pale kifuko kilipogandamana na ini akaacha kipande kimekaa palepale. Akaosha, akaweka mpira wa kutolea uchafu, akafunga. Kuna kijana wa mafunzo aliuliza mbona hajamaliza. Daktari akamjibu kwamba kumaliza kifuko ni rahisi, kazi ni kutommaliza mgonjwa. Katikati ya kazi mtu wa dawa ya usingizi alituambia presha haisomeki. Nilihesabu vitambaa vyangu, nikasema moyoni, Mwamvua, umemtania mtu mpaka akaja kufa mezani, na msibani utaingia na uso gani? Niliogopa kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Kisha presha ikaanza kurudi.

Neno la tahadhari kabla sijafika mwisho: msije mkaenda kumlilia msiba mgonjwa wa kabila msilotaniana nalo. Mtapigwa, na mimi nitasema siwajui.

Bibi Nyamizi alipata nafuu pole pole. Homa ilishuka, manjano yakatoka machoni, tundu likaanza kukauka. Mzee Lubasha alikuja kumsalimu akaniomba kwa siri yale mawe ya thieta, nikamuuliza ya nini, akasema ya kumbukumbu. Nikamnyima. Mpaka leo kilinge chake kipo, lakini akija mtu mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia, mizimu inakataa katakata, inamwelekeza hospitali.

Bibi alikuwa amekwisha kuanza kukaa kitandani na kunywa uji mwenyewe, siku Mzee Shija alipowasili kutoka Igunga. Amevaa koti zito kwenye jua lile, fimbo mkononi, wazee wenzake wawili nyuma. Hakusalimia sana. Alivuta kiti, akakaa, akaagiza pande zote zieleze. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkatiza mzee aliyesafiri. Kashindye akaanza kueleza tangu maumivu ya kwanza, kila akikaribia habari ya upasuaji Mzee Shija anamwinulia fimbo: "Taratibu. Usiruke." Dokta Nassor akaitwa, akafungua mdomo, akaambiwa angoje zamu yake. Bibi Nyamizi anaendelea na uji wake.

Mwishowe Mzee Shija akakohoa, akasimama.

"Nimesikia. Na nimefikiri njia nzima. Mimi nikiwa hai, dada yangu hapasuliwi. Nimekataa."

Kashindye akatazama feni ya darini, ambayo haikuwa inazunguka.

Bibi Nyamizi akaweka kikombe chini. "Mwamvua, umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Mwenye mwili amekataa. Rudisheni mawe yangu."

Mama wa Urambo ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, na Mzee Shija anageuka huku na huku akiuliza kuna nini. Bibi Nyamizi akamwita kwa mkono, asogee. Akauchukua mkono wa kaka yake akauweka juu ya bandeji, chini ya kanga. Mzee akapapasa toka juu mpaka chini, polepole. Fimbo ikamdondoka. Alikaa tena kwenye kiti, machozi yanamtoka bila kujificha, mtu mzima mbele ya wanawake.

"Hamkuningoja," akasema.

"Hatukukungoja, kaka," Bibi Nyamizi akamwambia. "Ndiyo maana umenikuta."